Kadi za Neno Moja

Ofisi ya Kamusi, Ohio
4 Machi 1921

Kwa Binti Verlie Gandee,

Mwalimu wako wa zamani, Bi Tackett, ameniandikia kwamba uliacha shule Desemba, kwamba una miaka kumi na sita, na kwamba huwezi kuzungumza mbele ya watu lakini hujawahi kusahau chochote ulichokisikia. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta.

Tunatengeneza kamusi ya Kiingereza kama watu wanavyokisema, si kama walimu wanavyotaka kisemwe. Kila msaidizi hupewa neno moja. Lako ni "draw". Usilidharau kwa ufupi wake. Kwa neno hilo moja watu huchora picha, huteka maji, huvuta pumzi na huchomoa bastola, na sijui huko kwenu migodini wanalituma kazi gani nyingine. Hilo ndilo nataka unieleze.

Kanuni yetu ni moja. Kila matumizi yawe na kadi yake, na kila kadi iwe na maneno yenyewe yalivyotamkwa, jina la aliyeyasema, mahali, na siku. Kadi isiyo na jina ni umbea, na umbea hatuchapishi.

Pamoja na barua hii kuna kadi mia moja tupu.

Lucinda Brockway
Mhariri


Sorrel Fork, West Virginia
13 Machi 1921

Mheshimiwa Bi Brockway,

Sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua. Kama nimekosa heshima mahali fulani, unisamehe. Bi Tackett amesema kweli: nikiwa na watu ulimi wangu hukauka. Lakini mwenye kadi mkononi halazimiki kusema, anasikiliza tu, kwa hiyo kazi hii inanifaa.

Nimejaza kadi kumi na mbili. Naeleza chache.

Mama, Rhoda Gandee, jikoni kwetu, tarehe 6. Alikuwa anatoa matumbo ya kuku, na huko ni draw pia: unaingiza mkono mzima na kuvuta vyote kwa mara moja. Alisema, "Mshike miguu nimalize kumtoa utumbo, Verlie, na acha kumwangalia usoni. Amekufa huyo, hana neno na wewe."

Mzee Asberry Lilly, mbele ya nyumba yake, tarehe 8. Yeye amechimba makaa miaka arobaini. Kuna jiwe bapa linalokaa juu ya makaa. Ukishachimba makaa chini yake linaanguka lenyewe, na jina lake limetokana na neno lako. Jiwe hilo lilimuua Baba miaka miwili iliyopita. Niliogopa kumwuliza Mama, nikamwuliza Mzee Asberry. Akasema, "Jiwe lile halina adabu, mwanangu. Halibishi hodi."

Yeye tena, siku ile ile. Mgodi ukikaribia kwisha huwa zimebaki nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia dari. Wachimbaji huzivuta moja moja wakirudi nyuma, na nyuma yao mlima unakaa chini. Pale pakishavutwa hapaingiwi tena. Alisema, "Namba Tatu walivuta nguzo zote mwaka jana, majani yalipokuwa yanapukutika. Sasa hata panya wamehama."

Bwana Crist, mkuu wa askari wa kampuni, kwenye baraza la duka, tarehe 11. Mzee Asberry alikuwa amekaa pale anavuta kiko. Bwana Crist akamwambia asimame, askari wanapita. Mzee akasema magoti yake hayajapata habari kwamba askari wanapita. Watu wakacheka. Bwana Crist akasema, "Chomoa basi, mzee. Chomoa ulicho nacho."

"Nichomoe nini, bwana? Nina kiko tu."

Bwana Crist akachomoa bastola yake, akaigeuza, akampiga nayo mdomoni kwa kitako. Meno mawili yakaanguka kwenye mbao. Mzee Asberry aliinama, akayaokota, akayatia kwenye mfuko wake wa tumbaku. Akasema, "Haya ni yangu. Haya kampuni haikunipa." Niliandika kadi nikiwa nyuma ya pipa la asali ya miwa. Damu yake ilifika hadi kwenye kiatu changu, lakini kadi haikuchafuka.

Watu wameanza kuniita Bibi Kamusi. Nikipita husema, "Haya, semeni kwa adabu, Bibi Kamusi anapita!" Kaka yangu Hobart ndiye aliyeanza.

Kadi ya kumi na mbili haina jina. Naomba uipokee hivyo hivyo.

Kwa heshima,
Verlie Gandee


Ofisi ya Kamusi
21 Machi 1921

Binti Gandee,

Kadi zako ni bora kuliko za maprofesa wawili ninaowajua. Nimezisoma nikiwa nimesimama, sikukumbuka kuketi. Pole kwa ajili ya baba yako. Mzee Asberry anaendeleaje?

Nakurudishia kadi moja. Umeandika: "Tuvute vijiti. Atakayepata kifupi ndiye atakayebeba orodha." Halafu: mtu fulani, mahali fulani. Binti, matumizi haya nimeyatafuta kwa mwaka mzima, ya kuvuta vijiti ili kumchagua mtu. Siwezi kuyatumia yakiwa na "mtu fulani". Nani? Wapi? Lini? Orodha ya nini?

Kama unaogopa, usiogope. Barua zako hazisomwi na yeyote ila mimi, kisha kadi zinaingia katika kabati la mbao lenye ufunguo.

L. Brockway


Sorrel Fork
30 Machi 1921

Mheshimiwa Bi Brockway,

Mzee Asberry hajambo, ila sasa anakula mkate wa kuchovya.

Nimefikiri siku tatu. Umesema barua hazisomwi na mwingine, na wewe ni mtu wa chuo, kwa hiyo nakuambia.

Aliyesema ni Hobart Gandee, kaka yangu, ana miaka ishirini na miwili. Mahali ni kinu cha zamani cha mbao, nyuma ya kanisa. Siku ni Jumanne tarehe 8 Machi, saa kumi na moja jioni, baada ya zamu. Hukutana pale kila Jumanne. Nilikuwa nimewapelekea maharage na mkate wa mahindi.

Orodha ni majina thelathini na moja ya wanaume walioapa kuingia katika chama cha wachimbaji. Hobart alivuta kijiti kifupi. Yeye ndiye atakayeivusha mto na kuifikisha kwa watu wa chama watakapoitisha. Kampuni haitaki chama. Februari mtu mmoja wa Kambi ya Chini alipatikana kijitoni, mikono imefungwa kwa waya, na mdomoni amejazwa vumbi la makaa. Yeye alikuwa amezungumza tu, hakuwa na orodha. Askari wakimpata Hobart na karatasi ile watamuua. Mama anajua, nami najua, ndiyo maana sote wawili tukisikia mbwa wanabweka huacha vijiko.

Sasa kadi imekamilika. Nimeandika kwa wino.

Verlie Gandee


Ofisi ya Kamusi
8 Aprili 1921

Verlie mpendwa,

Asante. Najua kadi hii imekugharimu. Imekamilika na ni nzuri mno, nimeiweka ya kwanza katika kifungu chake. Mwambie kaka yako awe mwangalifu.

Jambo dogo tu. Punguza gundi kwenye bahasha. Zote mbili zimefika zikiwa zimepakwa gundi nyingi hata kadi mbili zikanata ndani, na nilipozibandua moja ilichanika.

L. Brockway


Sorrel Fork
14 Aprili 1921

Bi Brockway,

Sina gundi. Sijawahi kuwa na gundi. Huwa nalamba bahasha na kuibana kwa kidole, basi.

Posta yetu iko ndani ya duka la kampuni, nyuma ya kaunta ya Bwana Eckles. Barua hii haijapita pale. Nimempa Bwana Szabo, Mhungaria anayepita kuuza sufuria. Ataitia posta ng'ambo ya mto. Ukinijibu, andika kwa jina lake, posta ya Mill Landing. Hupita huku Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Juzi ilikuwa Jumanne. Askari walikizunguka kinu kabla watu hawajafika wote. Hawakuja kutafuta. Walikuja wakijua. Walipiga risasi kupitia mbao za ukuta, chini, usawa wa tumbo la mtu aliyekaa. Mzee Asberry alikuwa amekaa, kwa sababu ya magoti yake, akafa palepale. Wengine walitolewa nje mmoja mmoja na kupitishwa katikati ya mistari miwili ya virungu. Kijana wa akina Hensley jicho lake lilitoka. Nilimsikia akiuliza, "Liko wapi? Msilikanyage." Hobart aliruka kwa dirisha la nyuma, akapigwa risasi ya bega la kushoto, akaingia kijitoni. Yuko hai. Orodha anayo. Sitakuandikia aliko.

Jana walikuja kututoa nyumbani, kwa kuwa nyumba ni ya kampuni. Jiko walilitupa barabarani likiwa na moto ndani. Mama aling'ang'ania kitanda alicholalia Baba, wakamburuta nacho hadi kwenye ngazi. Nilikuwa nimesimama na saa ya ukutani mikononi. Bwana Crist akapita mbele yangu, akanicheka, akawauliza wenzake, "Haya, nani leo amevuta kijiti kifupi?"

Watu waliosikia maneno yale kinuni ni wachimbaji tisa na mimi. Wachimbaji wasingemwambia hata wangechunwa ngozi. Nilisimama nikijiuliza ameyapata wapi. Baadaye, saa hiyo hiyo, Bwana Eckles akaniletea barua yako, akanipa kwa heshima kabisa, nikasoma habari ya gundi.

Tumo hemani, kwenye shamba la kanisa. Hakuna anayejua ni mimi. Wanawake wananipa mablanketi.

V.


Ofisi ya Kamusi
20 Aprili 1921

Verlie,

Nimeandika barua hii mara tano. Ni mimi niliyekurudishia kadi. Ulikuwa umejua zaidi yangu, nami nikakulazimisha kwa ajili ya safu moja ya maandishi madogo. Usijibebeshe peke yako.

Acha kadi. Usiniandikie neno jingine kupitia duka lile. Njoo huku na mama yako. Nina vyumba viwili na jiko. Na mwambie kaka yako ukweli. Ajue kwamba wanasoma, asije akategemea posta. Je, hakuna jaji, hakuna mkuu wa polisi wa wilaya?

Lucinda Brockway


Sorrel Fork
26 Aprili 1921

Bi Brockway,

Mkuu wa polisi wa wilaya ni shemeji yake meneja wa kampuni.

Siwezi kumwambia Hobart. Nilijaribu. Nilimpelekea supu na kumbadilishia kitambaa cha bega. Akaniambia, "Kuna mtu ametuuza, Verlie. Nimewahesabu wote kichwani, kila siku nawahesabu. Nikimjua nitamvunja shingo kwa mkono huu mmoja uliobaki." Kisha akacheka akasema, "Mbona unalia, wewe Bibi Kamusi? Supu yako si mbaya kiasi hicho."

Kutoka hapa kuna njia moja, daraja la kamba la watu wa miguu. Mto umejaa, haupitiki kwa mtumbwi. Askari sita wanalilinda, Bwana Crist akiwa mmoja wao, na wanakagua hata mikate. Wengine wanapita nyumba kwa nyumba, na kila siku wanakaribia aliko. Hobart asipovuka wiki ijayo watamfikia. Lazima daraja liwe tupu kwa saa moja tu. Nafikiri juu ya hilo nikilala na nikiamka.

Verlie


Sorrel Fork
2 Mei 1921

Mheshimiwa Bi Brockway,

Natumaini u mzima. Samahani kwa kukaa kimya. Naendelea na kazi yetu kama kawaida, na nakutumia kadi moja mpya, imekamilika kwa kanuni zako zote:

"Ijumaa saa nane tutakutana ndani kabisa ya Namba Tatu, na hapo tutaandika upya mkataba wa chama, kila mtu atie sahihi." Hobart Gandee, kwa wachimbaji kumi na wanane, Sorrel Fork, Jumapili tarehe 1 Mei 1921.

Kuandika mkataba, kama unavyojua, ni draw pia. Natumaini matumizi haya yatakufaa.

Hali ya hewa ni nzuri.

Kwa heshima,
Verlie Gandee


Ofisi ya Kamusi
5 Mei 1921
(kwa mkono wa Bw. Szabo)

Verlie,

Barua yako ya tarehe 2 imefika kwa posta ya duka, yenye gundi. Mwanzoni nilidhani umerukwa na akili. Kisha nikafungua kabati, nikatoa kadi ya Mzee Asberry ya tarehe 8 Machi, ile ya nguzo, nikaziweka pamoja mezani. Hata panya wamehama, alisema.

Askari wale ni watu wa mjini. Hawajui Namba Tatu ni nini. Wewe unajua.

Nimekwenda ofisi ya simu ya maandishi mara mbili leo. Mara ya pili niliiandika kabisa: ASKARI WASIINGIE NAMBA TATU. Karani akaniuliza ipelekwe kwa nani. Nikaona nikimwambia meneja wa kampuni, atajua kwamba kadi ni mtego, na watarudi darajani wakiwa na hasira, na kaka yako atakuwa katikati ya daraja. Nisipomwambia, watu watakufa, nami nimejua siku moja kabla. Niliikunja karatasi, nikaondoka nayo. Iko mfukoni mwangu. Leo ni Alhamisi. Barua hii itakufikia Jumamosi, nami najua hivyo, na bado naiandika.

Kama kuna njia yoyote, usifanye.

Lucinda


Ofisi ya Kamusi
9 Mei 1921

Verlie,

Gazeti la leo asubuhi lina mistari minne: dari imeanguka katika mgodi wa zamani Sorrel Fork, wamekufa askari watatu wa kampuni na mchimbaji mmoja. Mchimbaji hakutajwa jina. Sielewi mchimbaji alikuwa anafanya nini mle.

Niandikie chochote. Hata neno moja.

Lucinda


Sorrel Fork
12 Mei 1921

Mpendwa Bi Lucinda,

Nimekaa siku tano bila kushika kalamu. Bwana Szabo anangoja nje ya hema, ameshusha sufuria zake na kusema hana haraka.

Nakueleza kwa mpangilio, kwa sababu nisipofuata mpangilio nitaacha.

Alhamisi nilimwambia Hobart kwamba Ijumaa saa nane mchana daraja litakuwa tupu. Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikasema nimesikia dukani. Akaniangalia sana, lakini hakuuliza tena. Nilimvalisha koti la Mama na kilemba chake, tukamfunga orodha tumboni chini ya shati. Alisema anafanana na shangazi yetu wa Kentucky, ila yeye ana ndevu nyingi zaidi.

Ijumaa saa saba na nusu nilikuwa nafua kijitoni, mahali ninapoliona daraja. Askari wote sita waliondoka, wakapanda mlima kimyakimya na bunduki zao. Saa nane kamili Hobart alivuka. Nilimwona akifika ng'ambo. Nilimwona akivua kilemba. Bi Lucinda, kwa muda wa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote West Virginia, na sijutii robo saa hiyo, ingawa najua ningepaswa kuijutia.

Kisha mlima ukatoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mzito anayekaa kitandani. Nikaona vumbi likitoka mdomo wa Namba Tatu, na askari aliyekuwa ameachwa nje akishuka mbio, bunduki ameitupa, analia kama mtoto, "Wako chini! Wako chini!" Na king'ora kikaanza.

Nilikuwa nimepanga kila kitu: daraja, idadi ya askari, saa. Nikasahau kitu ambacho kila mtoto wa hapa anakijua kabla hajajua kusoma. King'ora kirefu kikilia, hakuna anayeuliza ni nani aliye chini. Unachukua koleo unakwenda. Baba alipokuwa chini, walimchimba siku mbili, na aliyekuwa mbele kabisa ni mtu ambaye yeye na Baba hawakusalimiana kwa miaka sita kwa sababu ya nguruwe. Kama Baba angetoka hai, mtu yule angeendelea kutomsalimia. Ndivyo walivyo.

Walitoka kwenye mahema. Wanaume wale wale waliopitishwa kati ya virungu. Kijana wa Hensley alikuja na kitambaa jichoni. Mwana wa Mzee Asberry alikuja na koleo la baba yake. Mmoja alisema, "Mbwa hawa wameingia kule kutafuta nini?" Mwingine akamjibu, "Chimba kwanza, utawauliza."

Na nilipogeuka, Hobart alikuwa anakuja juu ya daraja. Anarudi. Anakimbia, amelishika bega lake.

Nilimzuia. Nilimwambia arudi, nilimwambia wamekwisha kufa wote. Akasema, "Unasikia king'ora?" Nikasema, "Watakuua." Akasema, "Wakitoka hai, ndipo watakaponiua. Nipishe." Akamkabidhi Hensley orodha mbele ya macho yangu, akamwambia aivushe yeye, kwa kuwa jicho moja linatosha kuliona daraja. Hensley akavuka. Orodha imefika. Wote thelathini na moja wamo. Nakuambia ili ujue angalau hilo.

Wanawake tulishika taa mlangoni. Waliokufa papo hapo ni wawili, walitolewa vipande vipande. Mmoja nilimtambua kwa viatu tu. Bwana Crist alikuwa hai, jiwe limemponda miguu yote miwili. Walimbeba juu ya mlango wa zamani. Alipomwona Hobart alianza kupiga kelele na kuingiza mkono kifuani, watu wakadhani anatafuta bastola. Ilikuwa karatasi.

"Ulisema utakuwa humu!" alipiga kelele. "Maneno yako haya hapa! Uliyasema mwenyewe!"

Ilikuwa nakala ya kadi yangu kwa mwandiko wa Bwana Eckles, na chini yake jina langu. Hobart aliisoma. Anasoma vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha, jikoni, Baba alipokuwa hai. Aliisoma hadi mwisho, kisha akainua kichwa akanitafuta kati ya wanawake hadi akaniona.

Nilidhani atasema mbele ya wote. Aliikunja, akaiweka kwenye mwali wa taa ya kofia yake, ikaungua. Bwana Crist akaendelea kupiga kelele, lakini mtu aliyepondwa miguu husema mengi, hakuna aliyemsikiliza. Hobart akanijia karibu, akasema kwa sauti ndogo:

"Kinu nacho?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Kwa makusudi?"

"Hapana. Kile hapana."

Uso wake ulikuwa mweusi kwa vumbi, sikuweza kuusoma. Kisha akauliza, "Wamebaki wangapi ndani?"

"Wawili. Wanagonga. Wanasikika."

"Basi ngoja nikawatoe, usije ukawabeba wewe maisha yako yote."

Mwana wa Mzee Asberry akamshika mkono. "Hobart, dari inazungumza."

"Naisikia," akasema, "ni ya zamani, ina maneno mengi." Watu wakacheka kidogo. Akaingia.

Alimtoa mmoja. Mvulana hasa, hana hata ndevu, mtu wa Pittsburgh, alikuwa anamwita mama yake. Hobart alimsukuma mikononi mwa watu akageuka. Nilimwita kwa jina lake kwa sauti kubwa mbele ya umati wote, mimi ambaye siwezi kuomba chumvi dukani. Hakugeuka. Taa yake niliiona ikienda ndani, ikiwa ndogo, kisha mlima ukakaa chini mara ya pili, na upepo uliotoka ukazima taa zetu zote.

Walimtoa Jumapili. Alikuwa juu ya yule askari wa mwisho, amemfunika. Tumemzika karibu na Baba. Bwana Crist yuko hospitali, atakatwa miguu, ataishi. Kampuni imesema ni Hobart aliyewavutia askari mle, na gazeti litaandika hivyo. Kambini wanasema alikuwa mtu bora kuliko wote, na kwamba Mungu ndiye aliyewapeleka askari Namba Tatu.

Mama haamini kwamba ni Mungu. Anamjua Mungu, na anawajua askari. Jana aliniuliza, na juzi aliniuliza, akiwa ameshika shati lake lenye tundu la risasi, "Verlie, wewe unasikia kila kitu. Ni nani aliyewaambia waende kule?" Mara zote mbili nilisema sijui.

Nilikaa hapa nikitaka kumwandikia karatasi na kuiweka chini ya mto wake. Kalamu ingeniwia rahisi. Nimeichana. Ametoka kuteka maji sasa hivi, nasikia ndoo. Nitampa Bwana Szabo barua hii, kisha nitaingia, nitakaa mbele yake, nitamwambia kwa mdomo wangu.

Verlie